Mashine Iliyoacha Kukojoa

Kwanza mjue mimi ni fundi wa rangi. Si fundi wa mashine, si baharia, si mvuvi. Napaka nyumba. Ukuta wowote uliopigwa na ukungu pale mjini Unguja, kuanzia Mwanakwerekwe mpaka Bububu, niachie brashi na ndoo, nenda zako kanywe kahawa. Ukirudi utadhani umekosea mlango. Haya nayasema mapema ili mpate kujua kiburi kilitokea wapi.

Julai 2021 nilikwenda Mkokotoni kwa ami yangu. Ami ana boti ya faiba inayovusha watu kwenda Tumbatu, na nyuma ya boti ana Yamaha ya farasi 40, mkono wa pili, aliyoinunua kwa ng'ombe wawili na madeni ambayo mpaka leo hapendi yatajwe. Mashine ile ameipa mapenzi ambayo sisi wanawe hatujawahi kuyaonja. Jioni vijana wanaifungua na kuipandisha nyumbani kama waliobeba jeneza, polepole, hakuna anayesema. Inawekwa uani kwenye stendi ya mbao, mguu ndani ya pipa la maji matamu, inawashwa dakika 10 ili chumvi itoke tumboni. Ndipo ami anakumbuka kuuliza kama watoto wamekula.

Siku ile alikuwa na safari ya Pemba, msibani. Asubuhi akaniita uani.

"Mwanangu, wewe si mtu wa rangi? Tazama mguu wa mashine yangu."

Nikatazama. Rangi ilikuwa imevimba malengelenge, mengine yamepasuka, na chini yake unga mweupe kama unga wa muhogo.

"Alumini hiyo," akasema. "Haifanyi kutu nyekundu kama chuma. Chunyu ikishaingia chini ya rangi, inaota huo unga, na unga ule ndio mashine yenyewe inavyokwisha. Sasa sikiliza. Pasugue msasa hapa, na hapa. Upake praima hii, ikauke, kisha rangi. Hapa na hapa tu."

Akanionyesha kwa kidole mara mbili, akanikabidhi kikopo cha praima kidogo kama cha maziwa ya mtoto, akaondoka.

Fundi wa rangi ukimwambia "hapa na hapa tu" umemtukana. Isitoshe, kwetu kupaka vyombo ni damu. Babu yangu alikuwa na mashua. Chini aliipaka shahamu, chokaa iliyopondwa na mafuta ya mnyama, mdudu asitoboe mbao, na juu akaipaka sifa, yale mafuta ya maini ya papa. Inasemekana mwezi wa kupaka chombo paka walikuwa wakimsindikiza mpaka mlango wa msikiti. Basi babu alipaka sifa. Mjukuu alikuwa anazitafuta.

Nikaisugua mashine yote. Si hapa na hapa, yote. Praima ya ami ikaishia kwenye zile sehemu mbili, nikasema hapana neno, rangi nzuri inajishikia yenyewe. Juu nikapiga buluu ya mafuta iliyobaki kwenye kazi ya geti moja kule Mombasa, Mombasa ya Unguja, msije mkanipeleka mbali. Chini, sehemu inayozama, nikapiga nyekundu ya chini ya meli. Nusu kopo, nilipewa na jamaa anayepaka vyombo pale Malindi. Nikajiona mtaalamu: kinachozama kipakwe rangi ya kuzama. Kwamba ami ni Yanga wa kuzaliwa, na nyekundu haijawahi kuingia ndani ya ua wake isipokuwa kwa njia ya nyanya, sikukumbuka.

Nilipofika kwenye propela nikakuta kipande cha bati la kijivu, kimeliwa mashimo mashimo, kimebaki kama sabuni ya mwezi uliopita. Nikakihurumia. Nikakisugua, nikakijaza pati, nikakipiga mikono mitatu mpaka kikang'aa kuliko mashine yenyewe.

Halafu nikaviona vitundu.

Pembeni mwa mguu, kulia na kushoto, matundu membamba yamejipanga safu. Nikashika kiuno. Nikasema, kutu ya Mkokotoni ina adabu, inakula kwa mstari! Nikachanganya pati ya magari, ile yenye dawa yake ya kukazia, nikaziba kimoja baada ya kimoja, nikasawazisha kwa kisu, nikapiga msasa. Ungepitisha kidole usingejua kama pale paliwahi kuwa na tundu. Nyuma kule juu nikakuta kingine, kidogo, kimeingia sindano ya magunia. Hiki nilikuwa na habari zake. Mara ngapi nimepanda boti ya ami nikaona mashine inatema maji kwa nyuma, njia nzima, tiririri, kama mtoto aliyelewa madafu? Inavuja, na ami kwa ubahili wake hataki kutengeneza. Nikakiziba kwa pati ya mwisho mwisho, nikakipaka buluu, nikapiga picha nikamtumia Pemba. Chini nikaandika: "Ami, nimekumalizia na ile ya kuvuja."

Hakujibu. Nikajua yuko maziarani.

Kesho yake kulikuwa na harusi Tumbatu. Abiria 14, wanawake watupu, na begi la bibi harusi, na sahani za mikate ya kumimina zimefunikwa kwa vitambaa vya kufuma, na somo wa kumfunda bibi harusi, mtu mzima mwenye sauti ya kuendeshea ngoma tatu kwa pamoja. Nahodha alikuwa mtoto wa ami, kijana wa miaka 19, amevaa kanzu nyeupe ya kwendea karamuni. Akavuta kamba. Mashine ikaitika mara moja, nami nikatazama pwani nzima kama mtu aliyesababisha jambo. Kijana akainama nyuma, akakunja uso.

"Kaka, mbona haikojoi?"

"Nimeitengeneza," nikamwambia. "Haivuji tena."

Akanitazama. Nikamwona anataka kusema neno, kisha akakumbuka kwamba mimi ndiye mkubwa na baba yake hayupo. Akalimeza lile neno, akatia gia. Adabu ya watoto wa siku hizi inasifiwa haba, lakini mimi nawaambia nyingine ina hasara.

Tukatoka vizuri. Vigelegele, "hongera mwanangu" imeanza, bahari nzuri. Dakika chache tu, nikasikia harufu. Nikadhani mikate. Somo akanusa hewa mara mbili akauliza nani anachoma plastiki humu. Nikageuka: buluu yangu ilikuwa inachemka. Wallahi inachemka, inaota mapovu shingoni pale chini ya kifuniko, mapovu yanapasuka, moshi mwembamba unatoka kama wa ubani. Mashine ikaanza kulia sauti ya kukaba, ikapungua nguvu, ikashusha pumzi moja ndefu ya mtu aliyechoka kudanganywa, ikazima.

Kijana akaruka kuitazama, akaiegemea. Rangi ya mafuta, unyevu wa pwani, siku moja. Haikuwa imekauka hata pale ambapo haikuchemka. Alipoinuka, kanzu ilikuwa na picha ya mashine, Yamaha inasomeka kinyume.

Ndipo simu yangu ikalia mfukoni. Ujumbe wa ami kutoka Pemba, bila salamu:

"Kitundu cha mkojo kiko wapi???"

Na kabla sijajibu, mwingine:

"USIWASHE."

Somo alikuwa jirani yangu, na macho yake kwa umri ule bado mazuri. Akasoma kwa sauti. Boti ikanyamaza. Kisha zikaanza kejeli. Sitawaandikia zote. Mmoja akauliza kama mimi nikienda haja huzibwa pati pia. Mwingine akasema harusi ngapi amekwenda, hajawahi kumwona aliyefunga tego mashine. Wakaligeuza wimbo, wakapiga makofi, kiitikio kikawa mimi. Na maji yalikuwa yanakupwa, yanatuchukua taratibu kaskazini. Pondo halifiki chini, tanga boti za faiba hazina, kasia lipo moja.

Aliyetuokoa ni mzee wa ngalawa, anatoka kuvua, tanga lake limeshonwa viraka vya magunia ya mchele mpaka chapa inasomeka. Akatuzunguka mara moja, kimya, akaitazama mashine, buluu yake na nyekundu yake. Akatupa kamba.

"Mashine nzuri," akasema. "Iuzeni mnunue tanga."

Tukaingia Tumbatu tunavutwa na ngalawa, akina mama wanaimba, mimi nimekaa juu ya begi la bibi harusi kwa sababu pengine pote nilifukuzwa.

Fundi wa mashine tulimpata jioni, tulipokwisha kurudishwa Mkokotoni kwa boti ya watu. Akapitisha kidole pale penye safu, akapitisha tena. Akamwita mwanafunzi wake aje aone.

"Nani aliyeziba hapa?"

Nikanyoosha mkono.

"Kazi safi sana," akasema, na nadhani hakuwa na dhihaka. "Hapa ndipo mashine inapokunywa maji ya bahari ili ipoe. Na huku juu ndiko inakokojoa upate kujua kwamba imekunywa. Umeifunga mdomo na umeifunga mkojo. Ungekuwa wewe?"

Ndani, feni la mpira linalosukuma maji lilikuwa limezunguka pakavu mpaka likayeyuka mabawa, na gasketi ya kichwa imeungua. Kwa bahati kijana hakujaribu kuiwasha tena pale baharini, la sivyo pistoni zingeshikana. Nikapumua, lakini fundi alikuwa hajamaliza. Alikuwa amelifikia lile bati langu.

"Na hili?"

"Lilikuwa limeliwa, nikalihurumia."

"Hili zinki, bwana. Limewekwa liliwe. Chumvi ikija na njaa yake inaanza na zinki, mguu unasalimika. Likibaki nusu unanunua jingine. Wewe umelifunika chakula. Sasa chumvi itakula nini?"

Nikatazama mguu.

"Enhe. Na hii nyekundu ina shaba, ya kuzuia chaza kwenye mbao na faiba. Ukiibandika shaba juu ya alumini ukaizamisha kwenye maji ya chumvi umetengeneza betri. Miezi michache tu, mguu huu ungekuwa chujio. Hapo ndipo ungeviona vitundu, na visingekuwa na mstari."

Tukakaa siku mbili mimi na msasa tunayaondoa niliyoyatia. Pati nikaichokonoa kwa spoki ya baiskeli, tundu baada ya tundu, na kila tundu watoto wa jirani wakahesabu kwa sauti. Gharama ya fundi nikalipa mimi. Pesa za kupaka nyumba ya vyumba 4, ndani na nje. Praima ya alumini nikanunua kopo kubwa. Nikapaka hapa, na hapa.

Ami aliporudi hakunifokea. Angenifokea ningelala. Akaizunguka mashine mikono nyuma, akaitia kwenye pipa, akaiwasha, akasubiri. Mkojo ukatoka, mwembamba, mzuri, ukanipata kifuani. Hakuniambia nisogee.

"Yule mzee wa ngalawa," akasema hatimaye, "nimempelekea pesa ya kuwavuta, amekataa."

"Mungu amzidishie."

"Amesema hataki pesa. Amesikia una mkono mwepesi wa kupaka, na ngalawa yake iko juu, imekauka, inataka kupakwa. Nimemwambia utakwenda."

Nikafurahi, siwafichi. Nikaona hapa ndipo heshima yangu inaporudi. Nikauliza anataka rangi gani.

Ami akatazama pembeni. "Si rangi. Debe liko nyuma ya banda la kuku. Ulikuwa unatafuta sifa, basi limejaa."

Nilipaka siku nzima, ndani na nje, mikono mitatu. Ijumaa, daladala ya kurudi mjini ilijaa watu mpaka mlangoni, wanaume wazima wamening'inia kwa mkono mmoja, na mimi nyuma kule nimekaa siti ya watu wanne peke yangu.