Iacheni gavana ya pampu na lakiri yake

Juzi nimetumiwa video kwenye kundi la WhatsApp la wenye Haisi. Fundi kijana kainama juu ya injini ya 3L, ile dizeli ya Toyota, bisibisi mkononi. Anakata ule waya mwembamba wenye lakiri, yaani muhuri wa kuzuia skrubu isiguswe, kwenye pampu ya dizeli, anazungusha skrubu, halafu anamwashiria mwenzake akanyage mafuta. Injini inalia kama nyuki waliochokozwa, moshi mweusi unajaa gereji, watu wanashangilia. Chini yake mtu kaandika: "Hapo sasa gavana imefunguliwa, gari itapaa." Na vile vikatuni vya moto kumi na viwili. Nilivihesabu.

Nieleweke mapema: simsemi gavana wa Benki Kuu, wala wale wa kaunti za Kenya, wala zile gavana ambazo waziri wa uchukuzi wa Kenya, Michuki, aliwafungia wenye matatu mwaka 2004 wasivuke kilomita 80 kwa saa. Nasema ile iliyomo ndani ya pampu ya dizeli: vyuma vidogo vinavyotanuka kadiri shafti inavyozunguka, na springi ya kuvibana virudi; injini ikizidi mwendo uliowekwa, dizeli inapunguzwa. Wazo lenyewe ni la zamani. James Watt alilitumia kwenye injini ya mvuke mwaka 1788, na Bosch walipoanza kutoa pampu za dizeli kiwandani mwaka 1927 nao hawakuweza kulikwepa. Injini ya petroli unaiendesha kwa mlango wa hewa. Dizeli haina mlango huo, hewa inaingia tele muda wote, hatamu pekee ni kiasi cha mafuta. Ondoa hatamu uone.

Mimi nimeona. Nilikuwa darasa la tano, mjomba wangu ana mashine ya kusaga inayoendeshwa na injini aina ya Lister, ile ya magurudumu mawili mazito, mizunguko 650 kwa dakika, tu-tu-tu-tu mpaka usingizi unakuchukua. Siku moja fimbo ya gavana ikakwama. Ile milio iliyokuwa ikihesabika ikaungana ikawa mmoja. Mkanda ukachomoka ukachapa ukuta, akina mama waliokuja na mahindi wakatimua mbio wakaacha madebe, na mjomba badala ya kukimbia akachovya gunia kwenye pipa la maji, akaziba tundu la hewa. Injini ikakohoa, ikafa. Mjomba akakaa chini, hakusema neno mpaka magharibi. Magurudumu yale yangepasuka, leo nisingekuwepo kugombana na watu wa WhatsApp.

Mngedhani mtu aliyeshuhudia hayo atakuwa na akili. Wapi! Mwaka juzi niliingia mkenge huohuo. Haisi yangu ya Tanga–Muheza, dereva akalalamika mwezi mzima: "Tajiri, gari nzito, wenzetu wanatuacha Pongwe. Hesabu itashuka." Likitajwa neno hesabu, akili ya tajiri huhama. Nikamruhusu aipeleke kwa fundi. Fundi akakata lakiri, akaifungua skrubu ya mwendo wa juu raundi kadhaa, akakaza na kebo ya mafuta iliyokuwa imelegea, akachukua elfu arobaini. Alipima kwa nini? Kwa sikio. Haisi yangu haina hata mshale wa mizunguko kwenye dashibodi.

Wiki ya kwanza dereva aliniimbia sifa. Wiki ya tano akapiga simu: "Tajiri, imelia ngwa! mara moja, imezima." Hedi ilipofunguliwa, valvu mbili zimepinda, na juu ya pistoni kuna alama kama mwezi mchanga. Mkanda wa taimingi mzima, hauna kosa. Ni springi za valvu zilizochoka: injini ikizungushwa kupita kiasi zinashindwa kuirudisha valvu kwa wakati, pistoni inapanda na kuikuta bado iko njiani. Nikalipia hedi, valvu, gasketi, na siku kumi na moja bila hesabu.

Kilichoniuma zaidi si hela. Mzee mmoja fundi wa pampu, mwenye mashine yake ya kupimia, aliitazama ile kebo, akanionyesha alama za kutu pale nati zilipokuwa zimekaa zamani. "Bwana, hii ilikuwa imelegea hivi. Dereva akikanyaga mpaka chini, mkono wa pampu haufiki mwisho." Yaani ile skrubu ya gavana ilikuwa haiguswi kabisa! Gari ilivuta wiki ile kwa sababu ya kebo. Kazi ya nusu saa na spana mbili. Elfu arobaini nilizolipa, thelathini na tano zilikuwa za kuninunulia valvu zilizopinda.

Sasa hesabu, maana wajuaji hawatanyamaza bila hesabu. 3L inatoa nguvu yake ya juu kwenye mizunguko 4,000 hivi. Pistoni yake inasafiri milimita 96 toka chini hadi juu. Kwa 4,000, huo ni mwendo wa wastani wa mita 12.8 kwa sekunde. Ipeleke 5,000, inakuwa mita 16. Na mvuto unaoikuta konrodi, ile fimbo inayounganisha pistoni na kranki, pistoni inapogeuza safari juu kule hauongezeki sambamba na mizunguko, unaongezeka kwa mraba wake. Umeongeza robo tu ya mizunguko, lakini konrodi na boliti zake zimeongezewa asilimia 56 ya mzigo. Boliti hizohizo zilizokuja na gari kutoka Japani, ambazo zimeshakula kilomita ambazo hakuna anayezijua kwa sababu dashibodi ilirudishwa nyuma kabla ya kupakiwa melini.

Kuna atakayesema: mbona pampu ya muundo uleule wa hii ya 3L, VE ya Bosch, ilifungwa kwenye Volkswagen Golf ya dizeli mwaka 1976, na injini ikazunguka 5,000? Kweli kabisa. Lakini ile ni injini ya cc 1,471, safari ya pistoni milimita 80. Kwa mizunguko 5,000 wastani wake ni mita 13.3, karibu sawa na 3L ikiwa kwenye 4,000 yake. Na pistoni zenyewe ni ndogo. Hakuna aliyesema pampu haiwezi. Pampu inaweza sana. Nauliza kuhusu konrodi.

Haya, tuseme konrodi imevumilia. Umepata nini? Dizeli inahitaji muda wa kuwaka. Chukua nyuzi 30 za mzunguko wa kranki: kwa 4,000 una milisekunde 1.25, kwa 5,000 una moja tu. Silinda nazo hazijai hewa vizuri kwa kasi hiyo. Ule moshi mliokuwa mnaushangilia ni dizeli mliyoilipia kituoni ikitoka kwenye ekzosi bila kuungua vizuri. Mlio umeongezeka, naafiki. Kama abiria wangekuwa wanalipia mlio, mngetajirika.

Na msiniletee Wamarekani. Najua wenye pikapu za zamani za Dodge zenye injini ya dizeli ya Cummins ya lita 5.9 hubadilisha springi za gavana. Kwa zile zenye pampu ya VE kuna springi mpaka inajulikana kwa namba, 366. Lakini injini zile zilifungwa gavana chini, mizunguko 2,500 tu hivi dizeli inaanza kupunguzwa, na wao wakiipandisha huongeza springi ngumu za valvu na kipima joto cha ekzosi. Sisi tunaiga bisibisi, hayo mengine tunayaita maringo.

Sehemu moja tu nitanyamaza, tena kwa shingo upande. Ukinunua injini ya jenereta, ile iliyowekwa izunguke 1,500 basi ili umeme utoke hezi 50, kisha ukaifunga kwenye boti au lori, gavana yake lazima ishughulikiwe, maana ndugu yake aliyetoka kiwandani na lori anazunguka 2,500 au zaidi bila wasiwasi. Jirani yangu alifanya hivyo kwenye boti ya kubebea samaki na inatembea vizuri mpaka leo. Lakini aliipeleka pampu kwenye mashine ya kupimia, akabadilishiwa springi na kupimiwa dizeli ya kila silinda. Hakupimiwa kwa sikio.

Tena kuna ile skrubu nyingine, ya kuongeza dizeli, ambayo mafundi wanaichanganya na ya mwendo. Ukiikaza, sailensa, yaani mzunguko wa injini mguu ukiwa haujakanyaga mafuta, inapanda yenyewe. Fundi anaishusha sailensa kwa skrubu yake, anakaza tena ya dizeli, inapanda tena, mpaka inafika siku dereva anaachia mguu na injini haishuki. Hapo ndipo utaambiwa "gari ina jini". Jini gani? Zote mbili zinagusa gavana ileile. Kaza huku, kule kunahama.

Gari ikiwa nzito, kuna orodha ya wazee na haina siri: chujio la hewa, chujio la dizeli, kebo, nozo, taimingi ya pampu, kisha kompresheni. Gavana haimo, kwa sababu gavana haifanyi gari iwe nzito kwenye mlima wa gia ya pili. Pale hujafika hata karibu na mahali inapoanza kukata dizeli.

Yule mzee alinifungia waya mpya, akaubana na lakiri yake, akanitoza elfu ishirini na tano, akaniambia niupige picha. Nimeupiga. Kila Ijumaa dereva analeta hesabu, nami natoka na simu kuulinganisha. Jana alinipigia toka stendi: "Tajiri, gari nzito tena." Nikamwambia afungue chujio la hewa. Akakaa kimya kidogo, nikasikia vibano vinafunguliwa, halafu: "Aisee tajiri... kuna kiota cha panya humu."