Maji Yaliyorudi Ngamani

Ukilala ndani ya boti ukasikia pampu ya kutoa maji inanguruma, inanyamaza, kisha baada ya dakika mbili tatu inanguruma tena, usitabasamu. Mimi nilitabasamu. Nikageukia upande wa pili, nikavuta shuka, nikajisemea moyoni: leo fundi wa Mwanjelwa, Mbeya, kafika Ziwa Nyasa.

Kazi ilikuwa ya Mzee mmoja wa Matema, ufukweni mwa ziwa hilo, mstaafu, mwenye boti ya mbao ya mita 7 kwa mita 1.8, injini ya dizeli ya pistoni moja. Mpwa wake anayeishi Uingereza alimtumia picha za mashua za mifereji ya kule. Zile ni nyembamba kama treni: upana mita 2 na kidogo tu, kwa sababu milango ya kupandishia na kushushia maji kwenye mifereji mingi ya zamani haipitishi pana zaidi ya hapo. Mwendo wake ni wa mtu anayetembea kwa miguu kwenda harusini, kilomita 6 hivi kwa saa. Watu wanaishi humo: kitanda, jiko, friji, sinki, taa. Mzee akaniita akanionyesha simu. "Kijana, nataka hivi."

Nilishuka kutoka Mbeya kupitia Tukuyu nikiwa bado na jaketi mwilini. Kufika Kyela jaketi likawa mzigo, kufika Matema likawa mto wa kulalia. Nikafunga kila kitu kwa siku tatu: paneli ya sola ya wati 100 juu ya paa, betri ya matumizi ya ampea-saa 75, friji ndogo ya volti 12, taa za LED, pampu ya sinki. Na chini kabisa, kule maji yanakojikusanya, pampu ya umeme yenye swichi ya boya. Maji yakipanda, boya linainuka, pampu inawaka. Yakiisha, boya linalala, pampu inazima. Sehemu hiyo ya chini wapwani huiita ngama. Nahodha wetu aliwahi kufanya kazi Tanga, ndiye aliyelileta neno hilo Matema pamoja na methali zake.

Sasa hapa ndipo nilipojichimbia kaburi, na nililichimba kwa ustadi.

Mwanzo nilitoboa tundu la kutolea maji juu, karibu na ukingo wa boti. Tukajaribu kwa ndoo mbili za maji. Pampu ikawaka, maji yakaruka nje yakadondoka ziwani kwa kishindo. Mzee akakunja uso.

"Kijana, hiyo sauti ni ya ng'ombe anakojoa. Wageni watasema nini?"

Fundi mwenye akili angemjibu Mzee kwamba acha waseme. Mimi nikaziba tundu la juu kwa ubao na gundi, nikatoboa jingine chini, sentimita 6 tu juu ya usawa wa maji. Mpira wa milimita 28 ukatoka kwenye pampu ukaenda moja kwa moja mpaka tunduni, umenyooka kama rula. Tukajaribu. Kimya. Maji yanatoka kwa adabu kama mkwe. Mzee akanipa soda.

Kosa la pili lilitokana na huruma. Betri ya kuwashia injini, ya ampea-saa 50, niliiona imekaa peke yake bila kazi, nikaiunganisha na ile ya matumizi, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, ili zisaidiane. Kwenye mashua za mifereji kwa kawaida watu hawafanyi hivyo bila kifaa cha kuzitenganisha, maana zikiungana moja kwa moja, friji inayokula betri ya matumizi inakula na ya injini pia. Halafu ile hendeli ya kuwashia injini kwa mkono nikashauri ibaki nyumbani kwa Mzee, kwa sababu ilikuwa inachafua zulia. Ndiyo, tuliweka zulia.

Ijumaa boti ikaenda Ikombe kuchukua vyungu vya Wakisi kwa ajili ya gulio la Jumamosi pale Lyulilo. Vyungu 150, kila kimoja kama kilo 5, vimepangwa na nyasi katikati. Mimi nilibaki ufukweni nakula ugali na samaki, kwa hiyo sikuona boti ikipakiwa. Ningekuwepo ningepiga hesabu ambayo niliipiga kesho yake nikiwa nimelowa: eneo la boti linalokaa juu ya maji ni kama mita 8.5 za mraba, maana yake kila kilo 85 ukiziongeza, chombo kinashuka sentimita 1. Kilo 750 za vyungu ni karibu sentimita 9. Tundu langu lilikuwa sentimita 6.

Jioni wakatia nanga mbele ya Matema, maji ya kufika kifuani. Nikapanda kulala humo ili nimwonyeshe Mzee kwamba mifumo inafanya kazi usiku kucha. Nahodha akalala tezi, yaani nyuma ya boti, juu ya viroba. Friji alikuwa ameishindilia soda 24 za moto, kwa hiyo kwa joto lile la Kyela mota yake haikupumzika hata dakika moja. Taa zote zinawaka, kwa sababu watu wa ufukweni walikuwa wanatazama.

Pampu ikaanza. Grrrr, sekunde kama 90, kimya. Baada ya dakika mbili, grrrr tena.

"Fundi," nahodha akaita gizani, "hii mashine mbona haipumziki?"

"Ndio ubora wake, nahodha. Inalinda."

Saa 5 usiku akaita tena. Safari hii nikaamka, nikamulika injini kwa tochi, nikaona tone linadondoka kwenye glendi ya shafti, pale shafti ya pangaboi inapopita kwenda nje. Nimemkamata mwizi! Nikachukua spana nikakaza nati zote mbili mpaka tone likakoma, nikarudi kulala nikiwa na furaha ya polisi.

Tuelewane kuhusu hiyo glendi. Ndani yake kuna kamba yenye grisi iliyozungushiwa shafti, na maji kidogo ndiyo yanayoipoza. Shafti ikizunguka, matone mawili matatu kwa dakika ni afya. Ikisimama, iwe kavu au karibu na kukauka. Ukiikaza mpaka isitoe kitu, kamba inaungua na shafti inalika. Na matone 3 kwa dakika, hata yakidondoka saa 24, hayazidi kikombe kimoja cha chai. Pampu yangu ilikuwa inatoa vikombe vya namna hiyo kama vitatu kila sekunde moja, na bado haikumaliza. Mtoto wa darasa la nne angeuliza maji mengine yanatoka wapi. Mimi nina cheti, sikuuliza.

Yalikuwa yanatoka kwenye pampu yenyewe. Mimi nimezoea umeme, na kwenye umeme ukitaka mkondo uende bila kurudi unaweka dayodi. Akilini mwangu pampu ilikuwa dayodi. Lakini pampu hizi za ngama ni panga tu linalozunguka ndani ya kopo. Likisimama, maji yanapita kulia na kushoto kama watu wa stendi ya Kabwe. Tundu likiwa chini ya maji na mpira ukiwa umejaa, pampu ikizima, ziwa linaanza kunyonywa kuingia ndani kwa mpira uleule, kama unavyovuta dizeli kwenye dumu kwa mdomo halafu ikaendelea yenyewe. Lita 30 kwa dakika hivi. Ngama inajaa, boya linainuka, pampu inayatoa, inazima, yanarudi. Usiku mzima nilikuwa nayazungusha maji yaleyale ya Nyasa kwa umeme wa Mzee.

Umeme nao ulikuwa wa kuhesabika. Kyela mvua haina adabu. Jua la siku ile lilikuwa la kubahatisha, na jioni mita ilisoma volti 12.2, ambazo kwa betri ya risasi iliyotulia ni nusu. Betri mbili, ampea-saa 125 kwa jumla. Nusu yake ni 62. Friji ampea 4 kwa saa 8 ni 32. Taa 12. Pampu, kwa kuwaka na kuzima kule, 13. Jumla 57, na betri ya aina hiyo hutakiwi hata kuifikisha huko. Mnamo saa 8 usiku pampu ikanguruma kwa sauti ya mzee anayepanda ngazi, ikakohoa, ikakata.

Mimi usingizini nikasikia kimya kile nikafurahi: maji yameisha.

Tangu hapo ni ziwa peke yake, lita 1,800 kila saa, bila mpinzani. Niliota niko kwenye jaruba la mpunga napandikiza. Kwenye saa 10 na nusu alfajiri nikaona jaruba limefika masikioni. Godoro la sponji lilikuwa linaelea na mimi juu yake, taratibu, linaelekea mlangoni. Nikawasha tochi ya simu. Zulia lilikuwa limeinuka na kusimama wima katikati ya maji kama mgeni anayetaka kuaga.

"Nahodha! Tunazama!"

"Wewe ndiyo unazama," akajibu kutoka nje. "Mimi nimesimama."

Kweli alikuwa amesimama majini, maji ya kifuani, mikono kiunoni. Hilo ndilo lililotuokoa. Mfereji wa Uingereza ukizamisha mashua, mara nyingi paa linabaki nje na mwenyewe anakaa juu yake akisubiri msaada. Nyasa ukienda mbali kidogo na ufukwe pale chini ya Milima ya Livingstone, hakuna cha paa. Sehemu yake ya kina kirefu inakaribia mita 700. Sisi tulikaa mchangani kwa heshima, ukingo umepita chini ya maji kiganja kimoja.

Hapo ndipo vyungu vilipoanza safari. Chungu kikikaa wima kinaelea vizuri kuliko boti niliyoitengeneza. Kimoja kikapita juu ya ukingo, cha pili kikafuata, kisha vikaondoka kwa mafungu kuelekea gulioni, kana kwamba vinajua ni Jumamosi. Watoto wa Matema wakaingia majini kwa kelele. Akina mama waliokuwa wanapita na ndizi wakaweka mizigo chini ili wacheke vizuri.

Nahodha alitazama tundu langu, akatazama pampu, akatikisa kichwa. "Kwenda tezi na omo, marejeo ngamani," akasema (omo ni mbele ya chombo). "Wewe umeifanya methali iwe ya bomba." Kisha akaokota gunzi la mahindi ufukweni, akapiga mbizi, akalipigilia kwenye tundu kwa ngumi. Likakaa. Vifaa vyangu vyote vilikuwa vimegharimu zaidi ya laki saba. Gunzi lilikuwa la bure.

Kuinua boti kulichukua watu wanane. Kwanza tundu lizibwe, vinginevyo unachota ziwa. Pili vyungu vilivyobaki vitolewe. Tatu boti iinuliwe na kusukumwa kwenye maji ya kina kifupi mpaka ukingo uwe juu, ndipo ndoo zianze.

Injini usiiguse ufunguo, hata betri ikipatikana. Pistoni ikikuta maji juu yake haiwezi kuyabana, kinachopinda ni fimbo yake. Nilichomoa nozeli, nikazungusha injini kwa ile hendeli iliyoletwa kutoka nyumbani (Mzee aliileta mwenyewe, ameishika kama bakora) mpaka maji yote yakaruka nje. Oili ilitoka nyeupe kama chai ya maziwa. Tukamwaga, tukaweka lita 3 mpya, tukawasha dakika 10, tukamwaga tena ikiwa ya moto, tukaweka nyingine. Altaneta ilifunguliwa ikaanikwa juani siku nzima. Bahati ni kwamba Nyasa ni maji baridi. Maji ya chumvi yangekuwa yameshaanza kuzila nyaya. Na glendi nikailegeza, tone likarudi, nikalisalimia.

Tundu sasa lipo sentimita 30 juu ya maji, na nilipima boti ikiwa na vyungu vyote ndani na nahodha amekaa tezi. Mpira unapanda kwanza mpaka chini ya ukingo, unajikunja kama shingo ya bata, ndipo unashuka kwenda tunduni, na kileleni mwa shingo kuna kitundu kidogo cha kuingiza hewa kinachokata ule mvuto. Valvu ya kuzuia maji kurudi sikuweka: jani moja likinasa haifungi, na maji yanayobaki juu yake yanaweza kuilemea pampu isianze. Pampu imeungwa moja kwa moja na betri ya matumizi kwa fyuzi yake, haipiti swichi kuu. Betri ya injini imetenganishwa. Friji inakatwa yenyewe volti zikishuka hadi 11.8, hata kama kuna soda za nahodha. Na kuna king'ora kidogo cha boya la pili, sentimita 10 juu ya la kwanza, kinacholia vibaya kuliko ng'ombe yeyote.

Vyungu vilivyovunjika ni 11, vikakatwa kwenye ujira wangu. Viwili havikuonekana tena.

Mzee alikubali kila badiliko bila kubisha, hata sauti ya maji. Alichokataa ni kutupa lile gunzi. Amelipaka rangi nyekundu, amelitoboa na kulifunga kamba, linaning'inia pembeni ya swichi kuu. Wageni wakimuuliza, anawaambia ni kifaa cha dharura, kilifungwa na fundi kutoka Mbeya.