Mteja ni wa Nani?

Ukisema "wakala" Dar, mtu anakuuliza kibanda chako cha kutoa na kuweka pesa kiko wapi. Mimi nilikuwa wakala wa mtindo wa zamani: sanduku la sampuli za vigae mkononi, duka hadi duka, Leicester mpaka Nottingham, hapa Uingereza. Nachukua oda, kiwanda kinapeleka mzigo, nalipwa kamisheni. Miaka 7. Ijumaa moja jioni ikaingia barua pepe ya mistari minne: kuanzia Jumatatu eneo langu kapewa mwingine, asante kwa ushirikiano.

Kwa akili zangu za Kariakoo nikasema basi, riziki imeishia hapo. Mke wangu ndiye aliyenikokota kwa wakili.

Kumbe kuna kanuni za mawakala wa biashara za mwaka 1993, zilizoletwa na agizo la Ulaya, na Uingereza ilipojitoa Umoja wa Ulaya zilibaki palepale. Wakala aliyeingia mwaka wa tatu anastahili notisi ya miezi 3. Oda zinazokuja muda si mrefu baada ya kuachishwa, kama ni jasho lako hasa lililozileta, kamisheni ni yako. Na juu yake kuna fidia, maana wateja uliowakusanya wanahesabiwa kuwa kitu chenye bei. Wakili hakuniuliza nimekosewa nini. Aliuliza, "Barua ulipata lini?" Usipowaarifu ndani ya mwaka 1 kwamba unadai, umekosa.

Lakini huku nako si peponi. Mwaka 2007 Baraza la Malodi, wakati huo ndilo mahakama ya juu kabisa ya huku, liliamua kesi ya Lonsdale, wakala wa viatu: fidia ni bei ambayo mnunuzi angetoa kuuchukua uwakala wake siku ulipokatika. Soko la viatu vile lilikuwa linazama, akaambulia pauni 5,000. Na wewe unayenunua mzigo kwa pesa yako ukauuza mwenyewe, kanuni hizo hazikujui.

Mimi tulimalizana nje ya mahakama. Siku hiyo nikamkumbuka mjomba, aliyezungusha oda za ndoo na mabeseni Kibaha, Chalinze hadi Morogoro, daftari lake limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Mpwa wa tajiri aliponunua gari, mjomba akaambiwa, "Pumzika sasa, mzee." Akanywa chai ya tajiri, akaaga. Tanzania tunayo Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na uwakala umo, ingawa fidia ya wateja kama ya huku haimo. Hakuna aliyeifungua. Kumdai mtu aliyekuchangia msibani, utaanzia wapi? Kwangu mimi, heshima ya namna hiyo ni mkopo anaoufaidi tajiri peke yake.

Nikampigia.
"Shikamoo mjomba."
"Marahaba mjomba. Wamekulipa?"
"Wamelipa."
"Na wale wenye maduka, bado wanakupigia?"
"Wanapiga."
Akacheka. "Wa Chalinze wananipigia mpaka leo."