Mwalimu, mwanangu anaumwa au ni mtundu tu?

Aliyeniuliza hivyo ni mama mmoja, muhula ukielekea kwisha, daftari la hesabu la mwanawe mkononi. Ukurasa wa kwanza umejaa. Wa pili una hesabu mbili, zote amepata. Wa tatu ni lori, limechorwa mpaka misumari ya bodi. Mama alitaka nichague: mgonjwa au mtundu. Nilishindwa, na si kwa sababu mimi si daktari. Swali lenyewe naona limekaa vibaya.

Umakini wa watoto naufananisha na presha. Kila mtu anayo, wengine chini, wengine juu, wengi katikati, na mwili haukuchora mstari popote. Mstari tunauchora sisi. Mwaka 2017 madaktari wa moyo wa Marekani waliushusha kutoka 140 kwa 90 hadi 130 kwa 80, na watu waliolala wazima wakaamka wana presha. ADHD, yaani hali ya mtoto kukosa umakini na utulivu kupita wenzake, nayo ni hivyohivyo. Mwongozo wa Wamarekani wa magonjwa ya akili, toleo la 2013, umeorodhesha dalili tisa za kukosa umakini na tisa za kutotulia na kukurupuka. Mtoto akifikisha sita kwenye orodha mojawapo, zikawa za muda mrefu na zikamwathiri shuleni na kwingineko, anahesabiwa. Je, mwenye tano? (Mimi Ijumaa mchana nafika nne bila shida.)

Australia waliwachunguza mapacha kuona ADHD inarithiwa kiasi gani, matokeo yakatoka 1997. Walipousogeza mstari huku na huku, mchango wa kurithi ulibaki mkubwa vilevile. Kama wenye ADHD wangekuwa kundi la pekee, lililojitenga na watoto wengine, nisingetegemea hivyo.

Lakini linaloniuma zaidi mimi wa chaki ni la British Columbia, Kanada. Kule mwaka wa kuandikishwa shule unakatwa mwisho wa Desemba, kwa hiyo mtoto wa Desemba anasoma na mwenzake wa Januari aliyemzidi karibu mwaka mzima. Utafiti wa 2012 ulikuta wavulana wa Desemba walipewa jina la ADHD kwa asilimia 30 zaidi ya wale wa Januari. Utoto tu, jamani! Nami nimewachapa wangapi kwa kosa la kuzaliwa mwishoni?

Sasa wapo watakaodakia: basi kila mtoto anayo kidogo, mwache atakua. Hapana. Presha ya 190 haiachwi kwa sababu kila mtu ana presha. Yupo mtoto anayekurupuka barabarani bila kutazama gari, huyo apelekwe hospitali leo. Dawa unampa au humpi, kwa hiyo daktari lazima akate mahali. Mwalimu halazimiki kungoja dalili ya sita. Huyu wa lori nimemhamishia dawati la mbele, mbali na dirisha, nampa hesabu tano tano.

Mama nilimwomba aandike kwa wiki mbili: lini anashindwa kutulia, wapi, akifanya nini, aende nayo kwa daktari. Karibu kila jioni kuna malalamiko. Jumamosi zote mbili ameandika kitu kimoja: "Kwa babu yake, anashona viatu, saa nzima hajainuka."