Kichocheo Kinachochea Nini Hasa?

Kila nikisoma kwamba kichocheo kipya, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kemikali bila chenyewe kuisha, kimeboresha betri ya lithiamu, huuliza kwanza: kimeharakisha mmenyuko upi? Mtaniona mkorofi, lakini tulishawahi kuingizwa mjini.

Betri ya simu yako haina haja kubwa na vichocheo. Ioni za lithiamu hupenya kwenye matabaka ya elektrodi, yaani ncha mbili za betri, na kutoka, basi. Kazi ipo kwenye betri ya lithiamu na hewa, ambayo Abraham na Jiang waliitangaza mwaka 1996. Humo lithiamu hukutana na oksijeni, ikazaliwa peroksaidi ya lithiamu: ukoko usiopitisha umeme vizuri, unaoganda juu ya elektrodi ya kaboni. Kuchaji ni kuubandua ukoko huo. Kwa hesabu za kemia zingetosha volti 2.96 au zaidi kidogo, lakini mara nyingi chaji hupanda hadi kupita volti 4, na ziada yote hiyo ni hasara.

Watafiti wakatia dhahabu, platini, dioksidi ya manganizi. Volti zikashuka, watu wakashangilia. Mwaka 2011 Bryan McCloskey na wenzake wakapima gesi zinazotoka betri ikichajiwa, badala ya kutazama volti tu. Kumbe vichocheo vilikuwa vinafanya kazi kweli, ila kazi yenyewe hasa ilikuwa kuozesha elektroliti, kile kimiminika kinachopitisha ioni ndani ya betri! Walipotumia kimiminika kinachostahimili zaidi, vichocheo vilevile havikuishinda kaboni tupu.

Binafsi sikushangaa sana. Ukoko ni yabisi, kichocheo nacho ni yabisi. Vinagusana kwenye vijisehemu vichache tu, kwingine kote vinatazamana. Ndiyo maana navutiwa zaidi na vichocheo vinavyoyeyuka, kama iodidi ya lithiamu, vinavyoweza kuufuata ukoko uliko. Navyo vina vituko vyao, kwani vikitangatanga hadi upande wa lithiamu huishambulia.

Kwenye betri za lithiamu na salfa nina imani zaidi na vichocheo. Gramu moja ya salfa inaweza, kinadharia, kubeba miliampea-saa 1,675, ila polisalfaidi, yaani misombo ya lithiamu na salfa inayozaliwa katikati ya mmenyuko, huyeyuka na kutoroka kabla ya kumaliza safari. Chembe za kobalti huzinasa na kuziharakisha zigeuke salfaidi ya lithiamu. Hapo nakubali. Kinachonikera ni mizani: makala nyingi hugawa uwezo wa betri kwa uzito wa salfa peke yake, huku kaboni, kobalti na lundo la elektroliti vikiachwa nje ya hesabu.