Lanett na West Wendover: miji miwili inayoishi kwa saa ya jirani

Kisheria, mji wa Lanett, Alabama, wenye watu wasiofika 7,000, unafuata saa za Kati, mojawapo ya kanda za saa za Marekani. Ukiishi pale utakuta watu wanafuata saa za Mashariki, saa moja mbele, kwa sababu umepakana na West Point, Georgia. Hata mto hauwatenganishi. Mpaka wa majimbo hapo unapita nchi kavu.

Kule magharibi, West Wendover, Nevada, ulikuwa na hali hiyohiyo. Sheria iliuweka kwenye saa za Pasifiki, lakini wateja wa kasino zake wanatoka Utah, ambako kamari ni marufuku. Wakazi wakaishi kwa saa za Milima, saa moja mbele, kama majirani zao, na mwaka 1999 Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ikawahalalishia.

Wanaopenda mambo yanyooke huusifu West Wendover na kuucheka Lanett. Wana hoja. Mkataba au wito wa mahakama hauwezi kuandikwa "saa yetu ileile". LaFayette, makao makuu ya kaunti ya Lanett, inafuata saa za Kati, kwa hiyo mwenye shughuli huko huuliza kwanza: saa ya haraka (ya Mashariki) au ya polepole (ya Kati)? Ndivyo wenyewe wanavyoziita.

Lakini huo wanaouona mchafuko una historia yake. Viwanda vya nguo vya bonde la Lanett na West Point vilikuwa na makao West Point, na mshahara ulikotoka ndiko saa ilikotoka. Viwanda vikafa, saa ikabaki. Mwaka 2009 Kia ikaanza kuunda magari West Point, na ikakuta saa inaisubiri. Hata Alabama yenyewe, kwenye uchaguzi, inaruhusu vituo vya eneo hilo kufunguliwa na kufungwa kwa saa za Mashariki. Linganisha na kaunti tano za Indiana, Daviess, Dubois, Knox, Martin na Pike: mwaka 2006 zilihamia rasmi saa za Kati, zikajuta, zikarudi za Mashariki Novemba 2007. Makaratasi mara mbili, kwa jambo ambalo Lanett wamelimaliza kwa mazoea.

Kinachonisumbua mimi ni usingizi. Miji yote miwili imechukua saa ya jirani wa mashariki, kwa hiyo yote imejikuta ukingoni kabisa, upande wa magharibi wa ukanda wake, ambako jua huchelewa kuchomoza na huchelewa kuzama. Wachumi Giuntella na Mazzonna, katika utafiti wao wa 2019, walilinganisha Wamarekani wa pande mbili za mipaka ya saa, wakakuta wale ambao jua lao huzama saa moja baadaye hulala pungufu kwa wastani wa dakika 19 kila usiku. Dakika 19 ni kidogo mpaka uzidishe: kwa wiki ni zaidi ya saa mbili. Wanaoumia zaidi ni wanaoingia kazini mapema, maana kiza huchelewa lakini zamu haichelewi.

Mwanzoni mwa Januari jua la Lanett huchomoza karibu saa 1:45 asubuhi. La West Wendover hupita hata saa 2. Sisi tunaoanza kuhesabu saa alfajiri tungeona hapo kuna kosa la hesabu: saa mbili ya mchana imefika na mchana wenyewe haujafika! Juni, West Wendover, jua linazama saa 3 usiku imeshapita, na mtoto anaambiwa akalale kwenye mwanga.

Uhalali wa 1999 haukupunguza gharama hiyo hata dakika moja. Umeifunga tu ndani ya sheria, na kuifungua kunahitaji ombi jipya Washington. Lanett wakichoka na giza la asubuhi hawana wa kumwandikia barua. Watakubaliana tu, makanisa, maduka na shule. Saa yao ya sheria iko palepale.