Kuhesabu makosa ya kurasa au kupima muda unaopotea?

Seva inapoanza kukwama, wengi hukimbilia /proc/vmstat, faili la Linux lenye kaunta za kumbukumbu, hukuta pgmajfault (hesabu ya makosa makubwa ya kurasa) imepanda kwa maelfu, na hukumu hutoka papo hapo: kumbukumbu imeisha. Ni hukumu ya haraka mno.

Kosa la ukurasa si hitilafu. Programu imegusa ukurasa (kipande kidogo cha kumbukumbu) ambao bado haujaunganishwa kwenye jedwali lake la kurasa, kwa hiyo kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, inaingilia kati. Kosa dogo humalizwa bila kugusa diski, na maelfu yake kwa sekunde ni kitu cha kawaida pale programu inapoomba kumbukumbu mpya. Kosa kubwa ndilo linalohitaji data kuletwa kutoka nje ya kumbukumbu. Tatizo ni kwamba pgmajfault huchanganya kurasa zinazorudi kutoka swapu (nafasi, kwa kawaida diskini, ya kuwekea kurasa zilizoondolewa kwenye RAM) na kurasa za mafaili zinazosomwa kwa mara ya kwanza. Ukiwasha programu kubwa tu, kaunta inaruka, hata kama nusu ya RAM iko wazi.

Wanaotetea kaunta wana hoja nzito hata hivyo. Zipo karibu kwenye kila Linux, hazigharimu kitu kuzisoma, na zinaonyesha mhusika: `ps -eo pid,maj_flt,comm` inakupa hesabu ya kila mchakato. Amri ya `vmstat 1` inakupa safu za si na so, yaani kibibaiti zinazoingia na kutoka swapu kila sekunde. Mstari wake wa kwanza uruke, maana ni wastani tangu mashine iwashwe. Na so ikipanda peke yake usishtuke: kerneli huenda inahamisha kurasa zilizolala. Maumivu yapo kwenye safu ya si isiyotulia, na kwenye workingset_refault_anon, inayohesabu kurasa zilizotolewa kisha zikahitajika tena.

Lakini hesabu haisemi gharama. Makosa makubwa 100 kwa sekunde kwenye diski ya kuzunguka, kila moja likichukua milisekunde 8, yanakula milisekunde 800 za kusubiri. Kwenye SSD inayojibu kwa mikrosekunde 100, makosa yale yale yanakula milisekunde 10 tu. Kwenye zram, ambako swapu ni RAM iliyobanwa, pswpin (kaunta ya kurasa zinazorudi kutoka swapu) hupanda vilevile bila diski yoyote kuguswa. Kengele iliyowekwa kwa hesabu moja kwa mashine hizi tatu italia ovyo kwenye mbili.

Hapo ndipo /proc/pressure/memory, iliyokuja na Linux 4.20, inapozishinda kaunta. Inapima asilimia ya muda ambao kazi zilisubiri kumbukumbu: some ni angalau kazi moja, full ni zote zisizolala kwa pamoja. Usomaji wa kwanza wa faili hauhesabiwi humo. Udhaifu wake ni kwamba haionyeshi mchakato husika, na baadhi ya mifumo huja ikiwa imezimwa, hadi uongeze psi=1 kwenye vigezo vya kuwashia kerneli. Kwenye cgroup v2, utaratibu wa kerneli wa kupanga michakato kwa makundi, faili la memory.pressure hupunguza udhaifu wa kwanza, kwa kuwa kila kundi lina kipimo chake.

Kengele, basi, ningeiweka kwenye full avg10 (wastani wa sekunde 10), nikianzia asilimia 10 inayodumu dakika nzima, kisha nirekebishe kulingana na kazi za mashine. Ikilia, ndipo zamu ya kaunta: pswpin ikiwa juu, tafuta mchakato uliovimba, ikiwa tulivu huku workingset_refault_file (hesabu kama ile ya refault_anon, ila ya kurasa za mafaili) ikipanda, ni akiba ya mafaili inayobanwa, na kuongeza swapu kunaweza hata kusaidia.